Maji ya dumu huchafukia mkononi

Saa nne usiku bomba la uani linaanza kutoa upepo, kisha linatema maji ya kutu, kisha yanakuja meupe. "Jamani, maji yametoka!" jirani anaita dirishani, na ndani ya dakika chache foleni ya madumu ya njano imeshapangwa. Baba anashika mpira. Mama anahesabu. Binti wa darasa la sita anabeba yaliyojaa hadi kwenye tangi jeusi nyuma ya jiko. Mdogo wake wa miaka miwili, ambaye alitakiwa awe amelala, amesimama kando ya ndoo iliyoachwa wazi akipigapiga maji kwa viganja.

Hali hiyo inafahamika Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na kila mtaa wa Dar es Salaam ambako maji huja kwa zamu. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, hata familia zilizozoea kufungua koki muda wowote zilirudi kwenye madumu. Kwingine, ambako bomba halijafika, maji huletwa na kijana wa guta. Kazi inabaki ileile: kuyatoa maji kwenye vyombo vya kubebea na kuyaingiza kwenye chombo cha kuhifadhia.

Siku chache baadaye yule mdogo anaharisha. "Maji ya safari hii hayakuwa mazuri," mama anasema, na baba anakubali. Lawama inakwenda kwa bomba, kwa muuza maji au kwa mwenye kisima. Mara nyingine lawama hiyo ni ya haki. Lakini mara nyingi maji hufika nyumbani yakiwa salama, kisha yakachafuliwa na watu wa nyumba hiyohiyo, kati ya dumu na kikombe, bila mtu yeyote kujua.

Somo kutoka kambini

Katika kambi moja ya wakimbizi wa Msumbiji nchini Malawi, ambako kipindupindu na kuharisha vilikuwa vikijirudia, watafiti waliamua kufuatilia maji hatua kwa hatua. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2001 katika jarida la Shirika la Afya Duniani (WHO). Waligundua kuwa maji yaliyokuwa yakitoka kisimani hayakuwa na uchafu, au yalikuwa nao kidogo sana. Yalianza kuchafuka mara tu yalipoingia kwenye vyombo vya wachotaji, na chanzo kikubwa kilikuwa mikono yao.

Baadhi ya familia zikapewa ndoo za lita 20 zenye mfuniko usioruhusu mkono kuingia na mdomo mdogo wa kumiminia. Kisima hakikubadilishwa. Hata hivyo, kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika familia hizo kulikuwa pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko katika familia zilizoendelea na ndoo za kawaida.

Mwaka 2004 watafiti wengine walikusanya pamoja tafiti zaidi ya 50 kutoka nchi mbalimbali, wakilinganisha maji yanapochotwa na maji yanapokunywewa. Picha ilikuwa hiyohiyo: katika sehemu nyingi maji yalikuwa machafu zaidi nyumbani kuliko yalipochotwa.

Kwa familia inayojaza tangi kwa madumu, jambo hilo lina uzito wa pekee. Tangi la lita 500 linahitaji madumu 25 ya lita 20. Tangi la lita 1,000 linahitaji madumu 50. Kila dumu hufunguliwa, hushikwa mdomoni, huinuliwa na kumiminwa. Madumu 50 ni nafasi 50 za kidole, kizibo kilichodondoka chini au ncha ya mpira iliyoburuzwa kwenye tope kugusa maji ambayo mtoto atayanywa.

Dumu lilibeba nini kabla ya maji?

Chombo hiki kina majina mengi. Tanzania ni dumu, Kenya ni mtungi au jerikeni, na Kongo watu husema bidoni. Jina la jerikeni lenyewe linakumbusha asili yake. Kopo la lita 20 la aina hiyo lilibuniwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya kubebea mafuta ya magari ya jeshi, na Waingereza waliokuwa wakiwaita Wajerumani "Jerry" wakalipa jina lao. Halikutengenezwa kwa ajili ya maji ya mtoto.

Madumu mengi ya njano yaliyopo majumbani yaliingia sokoni yakiwa na mafuta ya kula. Hayo yakioshwa vizuri hayana shida. Shida ni dumu la bei rahisi ambalo muuzaji hawezi kusema lilibeba nini. Likiwa lilibeba petroli, dawa ya kuua wadudu wa shambani, rangi au kemikali za kutengenezea sabuni, halifai kwa maji ya kunywa wala ya kupikia, hata likioshwa mara kumi. Plastiki hunyonya baadhi ya kemikali hizo na kuzitoa kidogokidogo baadaye. Kuisha kwa harufu si uthibitisho kwamba sumu imeisha.

Wazazi wengine hugeuza dumu na kutazama namba iliyo ndani ya pembetatu chini yake. Namba 2 ni aina ya plastiki ngumu inayotumika sana kwa vyombo vya vyakula na vinywaji. Ni jambo jema kuitazama, lakini namba hiyo inaeleza plastiki, haielezi kilichowahi kukaa ndani. Dumu lisilojulikana lilikotoka libaki la kumwagilia bustani.

Kuosha bila kupoteza maji mengi

Dumu lina mdomo mwembamba, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa: mkono hauingii. Lakini kwa sababu hiyohiyo brashi nayo haiingii, na utelezi wa kijani hujijenga ndani bila kuonekana. Utelezi huo ni makazi ya vijidudu. Maji safi yakimiminwa juu yake huanza kuchafuka papo hapo.

Njia ya zamani ya akina mama bado ni nzuri. Kokoto ndogo zilizooshwa, au mchanga safi, hutiwa ndani pamoja na maji kidogo na sabuni. Dumu hufungwa na kutikiswa kwa nguvu pande zote, likilazwa na kusimamishwa, mpaka utelezi ubanduke. Kisha humwagwa na kusuuzwa.

Baada ya hapo ndipo dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe inapotumika, ile isiyo na manukato wala rangi. Kijiko kimoja cha chai ndani ya lita moja ya maji kinatosha. Mchanganyiko huo hutiwa kwenye dumu, hutikiswa ili uguse kila upande, huachwa kwa angalau nusu dakika, kisha humwagwa na dumu husuuzwa kwa maji salama. Lita hiyohiyo inaweza kuhamishiwa kwenye dumu la pili na la tatu, kwa hiyo familia yenye shida ya maji haipotezi ndoo nzima kwa usafi.

Jambo moja halina mjadala: dawa hiyo haichanganywi kamwe na dawa ya kusafishia choo wala sabuni nyingine ya maji. Mchanganyiko wa namna hiyo unaweza kutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu.

Kizibo nacho huoshwa. Katika nyumba nyingi vizibo vilishapotea, na mdomo wa dumu huzibwa kwa kipande cha nailoni au karatasi iliyosokotwa. Nailoni hiyo huokotwa, hushikwa na kila mtu, hudondoka chini na kurudishwa. Kununua vizibo vipya ni gharama ndogo kuliko nauli ya kwenda zahanati.

Kumimina ndipo penye hatari

Binti yule wa darasa la sita akifika kwenye tangi hukuta mdomo wa tangi uko juu ya kichwa chake. Hupanda kwenye kigoda, huinua dumu hadi begani, huweka mkono mmoja chini na mwingine mdomoni ili maji yasiruke. Maji hupita juu ya vidole vyake na kuingia kwenye tangi. Dakika chache kabla ya hapo mkono huo ulikuwa umeshika kitasa cha choo, umembeba mdogo wake na kuokota kizibo.

Dawa ya kwanza ni sabuni. Anayemimina anawe mikono kabla ya kuanza, na anawe tena akitoka kushika kitu kingine. Dawa ya pili ni faneli. Chupa kubwa ya maji ya kunywa iliyokatwa kitako na kuoshwa inatosha kabisa, na ikifunikwa kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa huzuia pia majani na mchanga. Faneli hiyo huwa na msumari wake wa kutundikwa na haitumiki kwa mafuta ya taa.

Dawa ya tatu ni kuacha kuinua. Kama tangi liko chini, dumu linaweza kuwekwa juu ya meza imara au ngazi ya mlango, kisha maji yakateremshwa kwa mpira. Kinachotakiwa ni uso wa maji ya dumu uwe juu kuliko ncha ya mpira iliyo ndani ya tangi. Wengi huanza kwa kuvuta mpira kwa mdomo, na hapo mate huingia kwenye maji. Mpira uleule ukiwa ulitumika jana kuhamisha petroli, anayevuta yuko hatarini zaidi. Njia safi ni kuujaza mpira maji kwanza, kuziba ncha moja kwa kidole gumba kilichooshwa, kutumbukiza ncha nyingine kwenye dumu, kisha kuachia ndani ya tangi. Maji yataenda yenyewe. Kama tangi liko juu, pampu ndogo ya mkono huokoa mgongo.

Huko Ulaya na Marekani, familia zinazosafiri na magari yenye vitanda, jiko na tangi la maji hukutana na kazi hiihii. Wakiegesha mbali na bomba, hujaza tangi la gari kwa madumu na faneli. Wenye uzoefu wana desturi moja: mpira wa maji ya kunywa huwa wa peke yake, mara nyingi mweupe au wa bluu ili usichanganywe, na haugusi kamwe kazi ya kusafisha choo cha gari. Desturi hiyo haihitaji gari. Nyumba ya kupanga yenye mpira mmoja wa kuoshea banda la kuku, gari na kujazia tangi ingenufaika zaidi kwa kununua mita chache za mpira wa pili.

Tangi si kisanduku cha kusahau

Maji ya bomba la mamlaka huwekwa klorini ili yaendelee kujilinda njiani. Lakini klorini huisha kadiri maji yanavyokaa, na huisha haraka zaidi kwenye tangi lenye uchafu. Maji yaliyokaa wiki nzima si sawa na maji ya jana usiku, hata kama macho hayaoni tofauti.

Mfuniko wa tangi unatakiwa ubane. Mbu wa Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hupenda kutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya vyombo vya majumbani, na Dar es Salaam imewahi kukumbwa na milipuko ya dengue, ukiwamo wa mwaka 2014 na wa mwaka 2019. Mayai yake hujibandika ukutani juu kidogo ya usawa wa maji na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji yapande. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kuta zinapaswa kusuguliwa.

Koki ya kutolea maji iwe juu kidogo ya kitako cha tangi ili tope libaki chini. Tangi lenye koki pia huondoa ile kopo ya kuchotea inayoning'inia juu ya mfuniko, ambayo kila mtu wa nyumba na kila mgeni huitumbukiza pamoja na mkono wake.

Kuna desturi moja inayopaswa kukoma kabisa. Kwa kuwa mdomo wa tangi ni mdogo, baadhi ya wazazi humwingiza mtoto ndani alisugue. Ndani ya tangi hewa ni finyu na joto ni kali, na klorini ikimwagwa humo mvuke wake hauna pa kutokea. Mtoto akizidiwa, mtu mzima hawezi kuingia kumtoa. Tangi lisafishwe kutoka nje, kwa brashi yenye mpini mrefu, likiwa limelazwa kama ni dogo.

Maji mawili, njia mbili

Familia ya watu watano haihitaji lita 1,000 za maji ya kunywa. Inahitaji maji mengi ya kufulia, kuogea, kudekia na chooni, na maji machache ya kunywa, kupikia na kuoshea vyombo vya mtoto. Kujaribu kuyaweka maji yote katika hali ya kunyweka ni kazi inayomshinda mtu yeyote. Njia rahisi ni kuyatenga tangu yanapofika.

Madumu mawili au matatu yenye rangi tofauti au alama isiyofutika yawe ya kunywa tu. Hayo hayamiminwi kwenye tangi. Hujazwa kwanza, yakiwa safi, kabla ya mengine yote. Huingizwa ndani, huwekwa juu ya kitu kilichoinuka mbali na kuku na mtoto mchanga, na hutibiwa humohumo.

Kutibu kuna njia zake. Anayechemsha aache maji yatokote hasa kwa dakika moja, na wanaoishi miinuko ya zaidi ya mita 2,000 waache kwa dakika tatu. Kisha maji yapoe yakiwa yamefunikwa na yarudishwe kwenye chombo chenye mdomo mwembamba, si kwenye sufuria iliyo wazi. Anayetumia vidonge vya klorini asome pakiti, kwa sababu vipo vya lita moja na vipo vya lita 20. Kukosea hapo ni kutia dawa kidogo isiyoua kitu au nyingi isiyonyweka. Baada ya kutia, husubiriwa nusu saa. Maji yenye vumbi au tope huchujwa kwanza kwa kitambaa, kwa kuwa uchafu hula dawa kabla haijafikia vijidudu.

Kisha linabaki swali la kikombe. Maji yaliyotibiwa hayachotwi, humiminwa. Ndoo yenye mfuniko na koki ni bora kwa nyumba yenye watoto wadogo, kwa sababu mtoto hujihudumia bila kutumbukiza kitu. Na kikombe chenyewe kioshwe kwa maji hayohayo salama. Wazazi wengi huchemsha maji kwa uangalifu mkubwa, kisha husuuza chupa ya mtoto kwa maji ya tangi.

Uzito wa dumu na shingo ya mtoto

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Dumu la lita 20 lililojaa, pamoja na plastiki yake, linazidi kilo 20. Watoto wengi wa darasa la pili au la tatu wana uzito usiozidi sana huo. Kumbebesha mtoto dumu kamili ni sawa na kumbebesha mtoto mwenzake.

Watoto wanaweza kusaidia, na kusaidia ni sehemu ya malezi. Lakini dumu la lita tano linatosha kwa mdogo na la lita 10 kwa aliyekomaa kidogo, tena bila kupandia kigoda wala kuinua juu ya mabega. Na zamu igawanywe. Takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2023 zinaonyesha kuwa katika nyumba 7 kati ya 10 zisizo na maji nyumbani, mzigo wa kuyafuata unabebwa na wanawake na wasichana. Kaka wa kidato cha pili anayeendelea kutazama simu wakati dada yake akipandisha dumu la kumi anafundishwa jambo, hata kama hakuna aliyemwambia chochote.

Kwa mdogo wa miaka miwili hatari ni nyingine. WHO inaeleza kuwa watoto wa mwaka mmoja hadi minne ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa maji, na si baharini tu. Kichwa cha mtoto wa umri huo ni kizito kulinganisha na mwili wake. Akiinama kwenye ndoo akatumbukia kichwa chini, hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele. Maji ya kina kifupi yanatosha. Usiku wa kujaza tangi, wakati kila mtu mzima anakimbizana na bomba, ndio usiku wa mtu mmoja kupewa kazi moja tu: kumwangalia mtoto. Ndoo na beseni zote zifunikwe au zimwagwe kazi ikiisha.

Akishaanza kuharisha

Pamoja na uangalifu wote, mtoto anaweza kuugua. Hapo haraka ni ya kurudisha maji mwilini: maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa, akinyweshwa kidogokidogo kila baada ya haja. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14. Mtoto mwenye macho yaliyozama, aliyelegea, asiyekojoa, anayetapika kila kitu au mwenye damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya bila kusubiri kukuche.

Mtoto akipata nafuu, nyumba nayo ina la kufanya: kurudi nyuma hatua kwa hatua, kutoka kikombe hadi dumu, na kuuliza ni wapi mkono uligusa maji.

Jioni nyingine, kijana wa guta anafika mlangoni na mzigo wake.

"Shikamoo mama. Leo ni madumu kumi. Nimimine yote kwenye tangi?"

"Marahaba, mwanangu. Nane mimina, faneli iko pale ukutani. Haya mawili yenye alama nyekundu yaache hapa mlangoni, usiyafungue."

"Sawa mama."

"Na sabuni iko kwenye ndoo ya nje. Nawa kwanza."

Kijana anacheka, ananawa, anaanza kazi. Yule mdogo anachungulia akiwa mgongoni mwa dada yake, na ndoo zote za uani zimefunikwa.